Mteremko wa Bi Shariffa

Nyumba yangu na ya Bi Shariffa zimekaa ubavu kwa ubavu hapa Mtambile, ndani kidogo ya barabara ya Mkoani, na baina yetu pana uchochoro ambao mtu mwenye mwili wake huupita kiupandeupande. Kwa hivyo mimi siulizi habari za jirani yangu. Nikisikia cherehani najua anashona. Nikisikia jembe najua yuko uani kwenye bamia zake. Vuli iliyopita ikaongezeka nyundo, na tangu hapo sikupata tena kusikia kimya kutoka upande ule.

Watu humwita mwanamke hodari. Mimi neno hilo limenikifu. Mtu akishaitwa hodari hapati tena wa kumpokea ndoo. Watu humtazama akipita nayo wakamsifu. Shariffa mwenyewe ni mwembamba, kifua chake humsumbua wakati wa mvua, na umri wetu ni mmoja, maana yake usichana tulishauaga zamani. Tena ni mkaidi. Nalisema hilo kwa kuwa nampenda.

Habari yake haisimuliki bila ya mumewe. Mzee Zubeir alikuwa fundi wa baiskeli, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yake. Pale aliziba pancha na kunyoosha rimu, na pale pale, kila baada ya sala ya alasiri, walimjia wenziwe wawili, Mzee Mjaka na Mzee Abrahman, wakanywa kahawa na kubishana mambo yasiyowahusu: bei ya pweza, ndoa za watu, nani kaadhini kabla ya wakati. Zubeir alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni. Mara ngapi kimenitoa usingizini nimejinyoosha na mimi, nikagonga ukuta kwa mchi, naye akazidi kucheka.

Baada ya Idi Kubwa kiharusi kikampiga upande wa kulia. Alilazwa Chake Chake, akarudi yu hai, alhamdulillahi, lakini mguu haushiki, mdomo umekwenda upande, na maneno yanamtoka kama mtu mwenye tonge kinywani. Shariffa akamweka chumba cha ndani. Mjaka na Abrahman walikuja kumtazama siku ya kwanza pamoja na watu wa msikitini, wakasoma dua, wakatoka. Siku zilizofuata walifika mpaka barazani tu. Watapiga hodi, Shariffa atajifunika mtandio, atatoka, atawaambia, "Karibuni ndani, wazee wangu, yumo mwenzenu." Na wao watatazama chini na kusema, "Tumepita tu, Bi Shariffa. Mpe salamu." Wazee wenye adabu zao, hawaingii nyumba ya mtu wakapishana na mkewe ukumbini. Baadaye wakawa hata hodi hawapigi, wanaishia barabarani.

"Ikifika alasiri hugeukia ukutani," Shariffa aliniambia siku moja, tumesimama uchochoroni. "Chakula hataki. Nikimsemesha anafumba macho. Masika shoga yangu, mume wangu atanifia kwa upweke, na mie nnamuona."

Mimi huingia mle ndani bila ya shaka, kwa sababu Zubeir na mimi tulinyonya ziwa moja, mama yake ndiye aliyeninyonyesha; kisheria ni kaka yangu. Nilikwenda nikamwona. Ilikuwa kweli. Mtu mzima, uso ukutani, na ukuta wenyewe hauna hata kalenda.

Basi Shariffa akakata shauri: ikiwa wenziwe hawaingii, yeye atatoka. Atamrudisha barazani pake. Mtoto wao Suhaila, aliyeolewa Unguja, akapata kigari cha magurudumu akakipakia melini. Kikashuka Mkoani, kikaletwa, kikasimamishwa ukumbini kizuri kinameta, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba hakipiti mlango wa chumba. Hata kingepita, mlango wa mbele una kizingiti cha kwenda juu, na baraza yao ina ngazi za mawe alizozijenga babu yake Zubeir, kila ngazi na urefu wake. Ilibidi mlango wa chumba upanuliwe, kizingiti kiondolewe, ngazi zivunjwe, na pale pa ngazi pamwagwe zege la mteremko.

Sasa hapa nitasema, na nilimwambia wakati ule ule. Hakuna mtu wa Pemba anayevunja nyumba karafuu zikiwa njiani. Hilo hata mtoto analijua. Karafuu zikishaiva, mwashi si mwashi, seremala si seremala, wote wako juu ya miti. Lakini Shariffa alikwenda akatazama mikarafuu ya nyuma ya msikiti, akaiona ingali mibichi, akadhani ana nafasi. Akamwita Ngwali mwashi. Ngwali kwa kuvunja hana mfano. Alivunja mlango wa chumba, akaung'oa mlango wa mbele pamoja na kizingiti, akazing'oa zile ngazi za babu zikalala barabarani, kisha akaja kuaga.

"Bi Shariffa, nnakwenda Mgogoni. Karafuu za mjomba zishaiva."

"Na mlango wangu?"

"Mlango hauchanui, mama. Karafuu zachanua."

Alisema kwa upole kabisa, akaondoka na kamba zake za kuchumia. Kumlaumu huwezi, karafuu ikishafunguka ua imekwisha. Lakini mimi nilimlaumu, tena kwa sauti, mpaka akakunja kona.

Shariffa akabaki na nyumba iliyo wazi mbele, khanga mbili zimetundikwa pale pa mlango, na mawingu ya vuli yanakusanyika. Akaniambia, "Nitafanya mwenyewe."

Tatizo ni kwamba alikuwa na mengine. Skuli zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na nusu ya Mtambile ilikuwa imempelekea vitambaa vya sare. Cherehani lilikuwa chumbani, lakini chumbani sasa kumejaa vumbi la ukuta na mgonjwa anakohoa, kwa hivyo akalikokota mpaka ukumbini, karibu na mlango, kwenye mwanga. Usiku anadarizi kofia za viua kwa ajili ya duka moja la Chake Chake. Uani ana bamia, tungule, mabilingani, na mivanila iliyopandishwa kwenye miti, na vanila ni mmea usiomwonea mtu huruma. Ua lake hufunguka asubuhi na mchana limekwisha. Usipoliozesha kwa mkono, ukalitia chavua kwa mwiba wa mlimau, halizai kitu. Maua mengine yatasubiri kesho, lile halisubiri.

Nilimwambia, "Mshika mawili moja humponyoka."

Akanijibu, "Mie nimeshika matatu, shoga, na hakuna hata moja la kuachia."

Siku zake zikawa hivi. Alfajiri anamsafisha mumewe na kumlisha uji. Kukipambazuka yuko kwenye vanila, mwiba mkononi, anainamia ua baada ya ua. Kisha mchanga, maji, saruji, anakoroga kwa jembe lile lile la bamia. Zege likiwa limeshamwagwa na linataka kusawazishwa, hapo hapo anafika mwenye sare anataka mwanawe apimwe. Shariffa anamwacha pale, anakwenda kwenye zege. Anarudi kwenye cherehani mikono ina saruji. Mumewe anagonga kitanda kwa kijiko, anataka kugeuzwa. Anakwenda kumgeuza. Akirudi zege limeshashika na alama ya paka juu yake.

Mambo yakaanza kumwendea kombo. Alishona shati la mtoto wa Bi Zulekha mikono yote miwili ya upande mmoja, Bi Zulekha akaja kulipepea barazani kila mtu alione. Bamia zilikomaa mtini zikawa ngumu hazipiti kisu. Saruji ilimla ncha za vidole, ngozi ikapasuka, na uzi wa hariri ukawa unanasa kwenye mipasuko. Kofia moja nyeupe ikaingia damu, akaifua, ikabaki na doa la manjano, akaifua tena. Nilimkuta ameishika tu, haifui wala haishoni.

"Njoo kwangu ukajinyooshe," nilimwambia. "Saa moja tu. Mie nitakaa na ndugu yangu."

"Nikikaa kitako sitoinuka, Masika. N'shajijua."

"Basi usiinuke."

"Na baraza?"

Baraza. Kila neno lilirudi barazani. Nilichoka kumsikia, nikanuna, nikapitisha siku nzima sijamsemesha. Jioni yake ikanyesha, nikamwona anahangaika na turubai kufunika zege bichi, nikatoka na mwavuli nikaenda kushika pembe ya pili. Hatukusemezana hata hivyo.

Siku hizo barabara yote ilikuwa imeanikwa karafuu juu ya majamvi, watu wanapita pembeni. Mzee Mjaka na Mzee Abrahman walipita hapo kila alasiri wakitoka msikitini. Watamkuta Shariffa amepiga magoti mbele ya mlango wake, khanga imefungwa kiunoni, mwiko mkononi, saruji mpaka kwenye kiwiko.

"Wambaje, Bi Shariffa," Mjaka atasema, uso ameupeleka kwenye karafuu.

"Njema, mzee wangu."

"Mwenzetu jaje?"

"Yupo, hajambo kidogo. Nitamtoa, inshallah. Ngojeni nimalize."

"Inshallah," watasema wote wawili, na kuendelea na njia yao taratibu. Nilimwona Abrahman siku moja amefika mbele akageuka nyuma, akaitazama ile nyumba kitambo, kisha akamfuata mwenzake.

Mteremko ukaisha. Siwezi kusema ulikuwa mzuri. Upande mmoja uliinuka kuliko wa pili, na mbele ulikuwa na tumbo, lakini kazi mbaya si mchezo mwema, na kigari kilishuka na kupanda bila ya kupinduka. Tulijaribu, mimi nimekaa ndani yake na Shariffa ananisukuma, na watoto wa chuo cha Kurani wakasimama kutucheka. Shariffa naye alicheka kidogo. Kisha akakaa juu ya mteremko wake, akautazama, akasema, "Kesho atakunywa kahawa yake hapa." Akapeleka salamu kwa wale wazee: kesho, baada ya alasiri.

Kesho yake alimwogesha Zubeir kwa maji ya moto, akamnyoa, akamvika kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe na kofia, akamfukiza udi. Tulimtia kigarini mimi na yeye. Mlango wa chumba ukapitika, na nilipoona magurudumu yamepita hayajagusa ukuta nilitaka kupiga vigelegele. Tukafika ukumbini. Cherehani lilikuwa limesogezwa na sare zimerundikwa juu yake. Mbele kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mwanga, na tunawasikia Mjaka na Abrahman wanakohoa kule chini ya mteremko. Hawakuwa peke yao. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba leo Mzee Zubeir anatolewa, na watu walikuwa wamesimama: wenye karafuu zao, watoto wa chuo, Bi Zulekha na mtoto wa lile shati, mpita njia mmoja na pikipiki yake. Walikuja kwa mapenzi, sisemi vingine. Lakini walikuwa wengi.

Shariffa akafungua pazia. Zubeir akawaona. Mkono wake mzima ukaenda kwenye ubao wa mlango, ule mpya aliopigilia Shariffa, ukashika.

"Sitoki," akasema.

"Baba Suhaila, wenzio wapo nje wanakungoja."

"Nnawaona. Sitoki."

Shariffa akaliachia pazia. Alikuwa anahema, na kahawa ilikuwa tayari kwenye buli, harufu imejaa ukumbi. "Nimejenga kwa ajili yako," akamwambia. "Mikono yangu hii."

Zubeir akakaa kidogo akiyakusanya maneno yake. Ukitaka kumfahamu lazima umwache ayapange, na mimi nilizoea. Akasema, polepole, mdomo ukimwenda upande, kwamba hataki kukaa njiani mate yakimtoka watu wakimtazama. Hiyo baraza alikaa akiwa mtu mzima wa kutengeneza baiskeli za watu. Mjaka na Abrahman anawataka, usiku na mchana anawataka, lakini waje ndani, chumbani, wamkute kitandani na mlango umerudishwa.

"Hawaingii," Shariffa akasema. "N'shawakaribisha mpaka nimechoka. Hawataki."

"Wataingiaje nawe umo?"

Shariffa akafuta mikono kwenye khanga.

"Tangu alfajiri umo," Zubeir akasema. "Ukumbini umo, na cherehani. Mlangoni umo, na saruji. Uani umo. Wapite wapi, wale? Watu wana haya. Toka wee nje, nenda popote, uone kama hawaingii."

Nilimtazama Shariffa. Ilikuwa kweli na hakuna aliyeiona, si yeye wala si mimi niliyekuwa nikijidai naona kila kitu. Wanawake wote wa mji wetu wanajua: wanaume wakija kumtazama mgonjwa, mwanamke mwenye nyumba hujitenga. Anakwenda kwa jirani, anakwenda kisimani, anapita nyuma. Shariffa alikuwa anajifunika mtandio na kuwakaribisha, kisha anarudi kwenye cherehani lake, mwanzo chumbani kwa mgonjwa, sasa ukumbini njiani, kwa kuwa kazi haingoji. Alikuwa amewaziba mlango kwa kazi.

"Kwa nini hukunambia?" akasema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Miezi yote hii, Zubeir. Navunja ukuta, nabeba mawe. Kwa nini hukunambia?"

"Hujakaa nikakwambia," Zubeir akasema.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana liliuma. Shariffa akaushika mkono wa kigari, akazitazama zile sare juu ya cherehani. Kisha akakigeuza kigari, tukamrudisha chumbani, tukamlaza, akamwekea mto nyuma ya mgongo sawasawa, na buli na vikombe vitatu karibu na mkono wake mzima. Akavua khanga ya kazi, akavaa buibui, akatoka kwa mlango wa uani, akipita katikati ya bamia zake bila ya kuzitazama. Mimi ndiye niliyekwenda mbele nikawaambia wale wazee, "Bi Shariffa hayumo. Ingieni." Wakavua viatu chini ya ule mteremko, wakaupanda, wakaingia. Waliosimama nje nikawatawanya, na sikuwatawanya kwa adabu.

Nilimkuta Shariffa amesimama katikati ya chumba changu, buibui bado mwilini, mikono imening'inia. Alikuwa hajui aiweke wapi. Akaokota kitambaa cha meza yangu akakikunja, akakikunjua.

"Kiweke," nilimwambia. Nikatandika mkeka, nikamletea mto. "Lala."

"Sina usingizi."

"Basi lala usiwe na usingizi."

Akalala ubavu, uso upande wa ukuta wetu. Nilikaa nikachambua mchele kwa kuwa na mimi sijui kukaa bure. Kutoka upande wa pili tulisikia sauti za wazee, chini chini kwanza, Mjaka akieleza kitu kirefu, Abrahman akimkatiza, kama kawaida yao. Kisha kikaja kicheko. Hakikuwa kile cha zamani, kilikuwa kimekatika nusu na kuishia kwenye kikohozi, lakini kilitoka tumboni. Mimi nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Shariffa hakugeuka. Nilidhani ameshalala. Kisha akasema, polepole, kwa ule ukuta:

"Tangu augue, akiwa na mie hajacheka hata siku moja."

Niliuweka mchele chini, nikatafuta khanga ya kumfunika. Nilipoangalia tena alikuwa amelala, kinywa wazi, vidole vyenye mipasuko vimekunjwa chini ya shavu. Maghrib ikaadhiniwa, wazee wakatoka wakaenda zao msikitini. Nilisali pembeni yake, na sikumwamsha.